Mashine ya Mama na Sala ya Jioni

Keumbu, Jumanne usiku

Mtungi wa oksijeni tulioazima sidhani utatosha mpaka asubuhi, na gari la kumpeleka Mama hospitali bado halijaja. Anapumua kwa shida, macho yote kwangu.

Ninachoshindwa kusahau ni swali la fundi. Mchana aliifungua mashine ya Mama ya oksijeni, akatuonyesha lehemu inayounganisha nyaya za ndani, yenye ufa mwembamba kama unywele. Alisema lehemu za siku hizi hazitiwi madini ya risasi kwa kuwa ni sumu, lakini hizi mpya hupasuka zikipata moto na kupoa, kila siku moto na kupoa.

"Kwani huwa mnaizima, dada?"

Kila jioni. Kwa ajili ya sala. Inanguruma, na Baba husema hawezi kuongea na Mungu kwenye kelele. Mama alikuwa anavumilia mpaka amina.

Fundi aliunga upya, bila kuahidi chochote.

Jioni hii Baba alisema, "Iacheni iwake." Akasali kwa sauti kubwa ili tumsikie. Katikati ya sala mashine ikanyamaza yenyewe.

Baba naye akanyamaza.