Nepi ya Chokoleti

Wifi yangu Saumu,

Leo nimetapika kazini, kwenye nyumba ileile ya wazee. Si ugonjwa, usije ukafurahi. Kuna nesi mmoja ana mimba ya miezi saba, wakamfanyia sherehe mchana kwenye chumba cha chai. Walipozitoa nepi zile mezani, zimepangwa namba moja mpaka kumi, nikakimbilia chooni. Walioniuliza nikawaambia ni samaki wa jana. Uongo umeshanizoea.

Ni mchezo uleule, wifi. Wanayeyusha chokoleti za namna kumi kwenye maikrowevu, kila moja wanaipaka ndani ya nepi safi ya mtoto. Nepi inapita mkono kwa mkono. Unanusa, unalamba, unataja ni chokoleti gani. Ukikosea unavishwa bibu kifuani, unalishwa viazi vya kupondwa kwa kijiko kama mtoto, wenzako wanakupigia makofi. Watu wazima! Watu ambao tangu alfajiri wanapangusa wazee wa watu! Mtu atoke kumbadilisha mzee nepi, anawe mikono, aje acheze nepi. Sijui nani alikaa akayafikiria haya akaona ni furaha. Ptuu!

Lakini mimi nina mdomo gani wa kuwatemea mate wenzangu?

Unakumbuka ulipofika kwetu Richardson, huku ng'ambo? Wanao wawili ulikuwa umewaacha Mombasa kwa mamako, na kila Jumapili ulikwangua kadi ya simu, ukawaimbia mpaka dakika zikaisha. Kaka yako akaniambia, "Mtafutie wifiyo kazi hapo kwenu," nikakutafutia. Siku ya kwanza wakakupa kikopo ukojoe, wapime kama wavuta bangi. Ukanitolea macho: "Wifi, mkojo wangu nimpe mwanamume yule mkononi, ungali moto?" Nikakwambia, "Mpe, ndiyo desturi ya huku." Ukampa, ukarudi umejifunika uso kwa mtandio, tukacheka mpaka tukaketi sakafuni. Kila nililokwambia kuhusu nchi hii lilikuwa la ajabu, na kila mara lilikuwa kweli. Ungeachaje kuniamini?

Siku ya sherehe yetu ile ya nepi ulichelewa. Ulikuwa ukimwogesha bibi wa chumba cha tisa, hukuiona chokoleti ikiyeyushwa. Ulipoingia, nepi namba nne ilikuwa mikononi mwangu. Msimamizi wetu akaweka kidole mdomoni: nisikwambie. Na mimi nilikuwa nautaka ukuu wa zamu, wifi, nikwambie ukweli. Nilitaka anione mimi ni mwenzao, mizaha yao naielewa.

Ukaninong'oneza, "Wifi, nini hii?"

"Ya bibi wa chumba cha tisa," nikasema. "Kila mgeni kazini huonja. Usipoonja hawakuandikii ile barua."

Barua ya mwajiri, ya kuombea visa ya watoto. Nilijua unavyoisubiri, ndiyo maana nikaitaja.

Wallahi nilidhani utanitukana. Mimi na wewe tumetaniana utani wa kila namna, wa mawifi haswa. Nilikuwa nangoja useme, "Kale mwenyewe, mwanahizaya!" tucheke, yaishe. Hukusema. Uliitazama nepi, ukanitazama mimi, ukauliza, "Kiasi gani?"

Basi, wifi. Hukuuliza kwa nini. Pale pale ningeweza kusema ni chokoleti. Nikakuonyesha ncha ya kidole. Ukasema, "Astaghfirullah," ukafumba macho, ukachovya, ukatia mdomoni. Machozi yalikutoka kabla kidole hakijafika. Wao wakashangilia, mmoja akapiga picha, na mimi nikacheka mpaka nikashika meza nisianguke. Nilikuona umeielewa ile sukari ulimini, na bado nilikuwa nacheka.

Hukufanya zogo. Ulikwenda kwenye bomba ukasukutua, ukasukutua, mpaka watu wakamaliza keki. Ndani ya gari nikakwambia, "Jamani wifi, si chokoleti tu!"

Ukajibu, "Kwenu ilikuwa chokoleti. Mimi nimekula mavi kwa ajili ya wanangu, nawe ukacheka."

Niliona haya, nikazificha kwa hasira, nikasema moyoni huyu mwanamke hajui mchezo. Lo, mimi!

Mwezi uleule ukahamia Houston. Ulimwambia kaka yako huko kazi ni nyingi zaidi. Ukuu wa zamu nikaupata, eti nina moyo wa kushirikiana. Watoto wakaja, wakakua. Siku hizi uko Katy, kando ya Houston, kwenye nyumba yako mwenyewe, alhamdulillahi. Tukikutana arusini unanipa mkono, unaniuliza hali, basi. Kaka yako hulalamika: "Saumu ana kiburi tangu ajenge, hata kwetu hataki kula." Nami huinamisha kichwa, mke mvumilivu anayeonewa na wifi yake. Akina mama msikitini wamenionea huruma, nami nikazipokea huruma zao. Hilo ndilo linalonitapisha kuliko nepi yoyote. Ulinyamaza ili nyumba yangu isivunjike, nikamwacha nduguyo akuone mbaya miaka yote hii. Nikijitazama kwenye kioo naona kinyaa.

Nisamehe, Saumu. Sisemi uje ule kwangu. Hata hilo sina haki ya kuliomba.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekusudia kumaliza. Halafu nikaona kukuomba radhi kwa siri ni kukutumia tena, uendelee kunifichia. Basi kabla ya kuifunga bahasha nimempa kaka yako aisome. Alianza amesimama, alipofika katikati akaketi. Akarudia tangu mwanzo. Kisha akavaa viatu. Anasema barua ataileta mwenyewe, ata-drive sasa hivi mpaka Katy. Yuko nje, injini inanguruma, anangoja nitie jina langu.

Hakuniambia nijitayarishe twende wote.

Mpokee nduguyo, mwandalie chakula, maana cha kwangu hakukigusa. Wabusu watoto.

Mke wa kaka yako, mpaka saa hii,
Zainabu