Tulibeba Muzee Mwingine Salamabila

Yaya Zawadi, jambo sana toka huku Salamabila, kwenye vumbi la kiangazi!

Tangu asubuhi tulikuwa tunangojea ile orkestra ya magitare ambayo mama alichezaga nyimbo zake akiwa kijana. Pikipiki moja ikamuleta muzee wa lineti nyeusi machoni, na kitu kirefu kimefungwa ndani ya kitambaa. Tukapiga kelele: "Mupiga gitare!" Tukamubeba mabegani mupaka jukwaani, naye analalamika, tukazani anaimba.

Muzee mwingine wa kitambi, vumbi mupaka kwenye kope, akaniuliza kwa nyuma: "Dada, tunaanza saa ngapi?"

Nikamujibu: "Nyamaza, baba, mupiga gitare amefika!"

Kule juu kitambaa kikafunguliwa: miwa! "Watoto wangu, mimi natoka Wamaza, nimekuja kuwaangalia kama ninyi." Kumbe yule wa kitambi ndiye mwimbaji! Gari yao iliharibikia njiani, wakamalizia kwa miguu.

Walipoanza kupiga, muzee wa Wamaza akakataa kushuka. Alicheza katikati yao, muwa mukononi.

Umuambie mama mwimbaji wake ana kitambi sasa, lakini sauti ingali tamu. Sasa nimeelewa kwa nini mama alichelewaga kurudi nyumbani siku za ujana wake.

Nawakumbatia wote, hata jogoo wenu wa makelele.

Mudogo wako, Feza