Nyama Aliyomfungia Mkewe

4 Mei

Mwanangu kitinda mimba,

Hujambo? Wajukuu wanakula? Sisi tupo, goti langu tu linaniamsha kabla ya jogoo. Anayeniandikia ni fundi cherehani, jirani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipunguze wala asinipinde.

Jumapili nilimpeleka baba yako kwenye ule mgahawa wa meza nne, ambao mpishi ndiye mhudumu na ndiye muosha vyombo. Meza yetu ikachechemea kama mimi, mpishi akaikunjia kipande cha boksi chini ya mguu. Baba yako alikula vizuri, akanichekesha mpaka nikapaliwa. Unamjua, tangu anioe hajala ugenini asiniletee kipande. Basi akabakiza nusu ya nyama, akaomba karatasi, akafunga.

Nikamwuliza, “Ya nani hiyo?”

“Ya mke wangu, dada. Ananisubiri nyumbani.”

Dada. Miaka arobaini na sita.

Nikasema, “Mkeo ana bahati.”

“Ana mdomo huyo,” akasema, “lakini ana bahati.”

Tulipofika akazunguka vyumba akiniita, mchuzi unamchuruzika mkononi. Nami nipo nyuma yake. Nifanyeje, mwanangu?

Mama yako

19 Mei

Mama, shikamoo. Goti lipake dawa niliyotuma, usiiweke kabatini kama pambo.

Barua nimeisomea stoo kazini, nimekaa juu ya maboksi. Likizo wameninyima mpaka mwezi wa nane. Mama, jaribu hivi: vaa lile gauni la buluu la zamani, tokea mlango wa nyuma, zunguka, upige hodi mbele. Labda akikuona unaingia atakujua.

Mwanao

2 Juni

Marahaba mwanangu. Dawa napaka, inanuka.

Nilifanya ulivyosema. Akafungua: “Umechelewa wapi? Nimekuwekea.” Akanipa mkate aliofunga kwa gazeti, nimekula na habari za wiki nzima. Siku tisa tumekwenda hivyo. Majirani wananicheka, bibi kizee anabisha hodi kwake mwenyewe. Wacheke.

Jana nimebisha. Amefungua, akaniangalia kwa adabu zote.

“Karibu, dada. Mwenyewe katoka. Ingia umsubiri.”

Gauni ni lilelile la buluu, mwanangu. Nikaingia. Kifurushi chake kilikuwa mezani, hakutaka nikiguse. Akanivutia kiti.

Tukakaa, tukamsubiri.

Mama yako