Mlango wa Upande wa Ziwa

Jumatatu, 6 Oktoba

...na bado nasema viti vya kungojea visitazame kile kiti kikubwa. Mtu akiona mwenzake amepanua kinywa, atakimbia hadi kijijini Kizuka. Rama amekubali. Amenibusu kwenye paji la uso mbele ya fundi Saidi! Nimeolewa miezi miwili na bado natetemeka akiniita "mke wangu".

Kabine yetu ya meno, Rama atakamotibia wagonjwa, ilikuwa stoo ya mawese. Sakafu ina madoa mekundu yasiyotoka hata kwa sabuni. Mgonjwa atadhani ni damu. Lazima tuweke karo, vigae vya kufunika sakafu yote.

Leo Rama amechora kabine nzima kwa chaki uani kwetu, vipimo vyake kamili. Nimetembea ndani kama mgonjwa: mlango, meza yangu ya kupokea watu, benchi, kiti, sinki. Vyombo vichafu vinapita kushoto, visafi kulia, visikutane. Mume wangu ana akili jamani.

Kitu kimoja. Nyuma kachora chumba kidogo chenye mlango wake, upande wa ziwa, usioonekana barabarani. Vyumba vyote kaviandika majina. Hicho hapana.

Nimeuliza. Kasema, "Utajua, mpenzi."

Jumatano, 8

Mama yangu alipita kutoka kwake Kabezi akienda msibani. Hakula. Rama alikuwepo, na mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Alijifunika kitenge hadi shavuni, akaondoka haraka. Ningependa akae. Desturi hii inanichosha.

Baadaye simu ya Rama ililia. Akatoka nje. Dakika ishirini. Alirudi anatabasamu.

Hajawahi kutoka nje kupokea simu.

Jumamosi, 11

Nimesoma simu yake. Naandika bila kujitetea.

Mtu anaitwa Imma. Ameandika: "Pazia liwe zito. Asionekane kabisa akiingia."

Rama kajibu: "Mlango wake utakuwa tayari. Mke wangu hajui kitu."

Nimesoma mara tano. Mlango wake. Nani?

Nimepika ndagala na ugali. Kasifu. Nimecheka. Uongo mtupu.

Jumapili, 12

Nampenda hadi naumwa. Ndiyo maana sitaki kumgawana na mtu. Chumba kisicho na jina, pazia zito, mlango wa uchochoroni. Nani asiyejua vyumba vya namna hiyo? Nilimchagulia rangi ya kuta mimi. Kijani laini, watu watulie. Mpumbavu.

Jumanne, 14

Rama kaenda Bujumbura kuleta kiti. Kwenye dirisha la gari kanipungia mkono hadi kona. Nilipunga pia.

Kisha nikaenda kwa fundi Saidi, nikamwambia azibe mlango wa nyuma kwa matofali.

"Bibi arusi, mulango hiyo tulipanga na bwana."

"Bwana amebadili."

"Miezi mbili tu, tayari unafunga mamilango! Ukifika mwaka utajenga ukuta wa jela."

Wasaidizi wake wakacheka. Mimi sikucheka. Alasiri ukuta ulikuwa umesimama. Nilijisikia vizuri kama saa moja hivi.

Alhamisi, 16

Sijui nianze wapi.

Rama kafika na kiti, na mwanamke kakaa kiti cha mbele cha pikapu. Imma. Ana mvi. Ana mjukuu anayesoma sekondari. Ni daktari wa meno, alimfundisha Rama kazi.

Kapita moja kwa moja hadi nyuma, kasimama mbele ya matofali.

"Rama, mlango wa mama mkwe iko wapi?"

Saidi akajikuna kichwa. "Muulize bibi arusi."

Imma akanieleza: siku ya harusi Rama aliona mama anameza nyama bila kutafuna. Mimi binti yake sikuona, nilikuwa najitazama kwenye kioo. Jino limeoza hadi taya linavimba. Hospitali hataki, anaogopa. Na Rama hawezi kumgusa. Mama asiyeweza kula mbele ya mkwe wake, atampanulia kinywa? Ndipo Rama akamwomba Imma, naye akampigia mama simu. Mama kakubali kwa masharti: atibiwe na mwanamke, aingie bila mkwe kumwona, nami nisiambiwe. "Mutoto yuko kwenye raha yake, musimusumbue."

Kile kitenge shavuni. Nilidhani ni heshima.

Imma alitakiwa kumtibu wikiendi hii. Sasa hakuna mlango, na kuutengeneza upya kutachukua siku kadhaa. Karudi Bujumbura, atakuja tena mwisho wa mwezi.

Rama hakugomba. Aliuliza tu, "Ulidhani nini?" Nikamwambia yote, hadi simu. Akakaa juu ya mfuko wa saruji. "Ningekwambia," akasema. "Lakini na wewe ungeniuliza habari ya Imma."

Afadhali angepiga kelele.

Ijumaa, 17

Nimebomoa mwenyewe. Saidi alinipa nyundo. "Piga, bibi arusi, ukuta hauna kosa!" Mikono imetoka malengelenge. Rama kaja baada ya swala, kachukua nyundo bila neno, kaendelea. Tulimaliza pamoja. Vumbi kwenye kope zake. Mungu wangu, nampenda.

Alhamisi, 23

Karo zimewekwa. Madoa hayaonekani tena. Pazia nimeshona mimi, zito, la buluu.

Leo nimejaribu. Nimetoka uchochoroni, nimeingia kwa mlango wa nyuma, nimekaa. Dirisha liko juu, linaleta upepo wa ziwa. Rama alikuwa chumba cha mbele anafunga taa. Nilimsikia anapiga mluzi. Hakuniona.

Kwenye mchoro, chumba kile sasa kina jina. Kaandika yeye: Mama.

Jioni nimempigia. Jino sikulitaja, naye hakulitaja. Tuliongea mambo ya mihogo. Mwishoni nikamwambia nakuja Kabezi kumchukua kabla mwezi haujaisha.

"Uje asubuhi na mapema," akasema. "Watu wasinione."

Nitakuja asubuhi, Mama.