Chuma Kisicho na Kasoro

Mwenzangu, uko peke yako? Usisome mbele za watu.

Unajua ile kazi yangu ya kuvuta chuma ndani ya kompyuta, atomu kwa atomu, nione kinaanzia wapi kupinda? Leo tumeionyesha kwa wakubwa. Yule fundi wa maabara anayevunja vyuma vya kweli akanyoosha mkono. "Dada, hiki chenu kina nguvu mno. Kasoro mmeiweka wapi?"

Nikacheka. Yaani nilimcheka mtu mzima, ukumbi mzima ukanifuata.

Maana chuma chochote kina kasoro ndani, safu ya atomu iliyokatikia katikati, na hapo ndipo kinapoanza kupinda. Mimi huwa naiweka mwenyewe kabla ya kuvuta. Huwa naiweka.

Watu walipotoka nikafungua picha. Safu zote zimenyooka kama zimepigwa rula. Miezi minane nimekuwa navuta faili la majaribio, lile nisilolitia kasoro. Miezi minane.

Na namba zangu ziko kwa watu wanaotengeneza kulabu za kreni. Wameshapunguza unene wa kulabu kwa sababu yangu. Kuna watu watafanya kazi chini ya hizo kulabu.

Nikamfuata profesa anayesimamia kazi yangu, nikamweleza. Nilijua atanitukana. Bora angenitukana. Alifunga mlango taratibu, akaniuliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikasema hakuna.

Sasa unajua wewe. Usifute hizi meseji.