Ukuta Anaousugua Kadzo

Jumanne, Kisauni

Na bado sijamwambia.

Leo ni siku ya tatu wifi yangu Kadzo anasugua masizi kwenye ukuta wa sebule, kwa sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Yeye ndiye aliyeacha pasi juu ya nguo stima ilipopotea, akaenda zake kwa jirani kusukwa. Stima ikarudi, nyumba ikawaka. Majirani waliuzima moto kwa maji ya kisima, na kisima chetu ni cha chumvi.

Asubuhi fundi alipitisha kidole ukutani, akakilamba. "Mama, plasta hii imekunywa chumvi. Rangi haitashika. Kesho naibandua yote."

Kadzo alikuwa nje anachota maji, hakusikia.

Ningemwambia apumzike. Badala yake nilimwonyesha pembe ya juu, nikasema pale bado peusi. Akapanda kiti.

Jioni vidole vyake vilikuwa vimechubuka, lakini ukuta, lazima nikiri, ulikuwa umetakata. Akaja kusimama kando yangu. "Wifi, sasa umenisamehe?"

"Tungoje tuone ukuta utakavyotoka."

Alifurahi, maskini. Naogopa kidogo jinsi nilivyofurahi mimi pia. Mume wangu akijua, na huyu ni dadake wa tumbo moja...

Fundi anakuja na nyundo saa mbili. Kadzo nimemwambia aje saa moja, aupitishie brashi mara ya mwisho.