Jumatano za Silja

Ely, Minnesota
9 Januari

Mkwe mwenzangu Bernadette,

Salamu kutoka huku kaskazini. Ziwa limeganda mpaka magari yanapita juu yake, goti langu la kushoto linanisumbua, mengine salama. Sijui wewe huko Saint Paul na kile kifua chako. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu nitapayuka.

Mwanangu Eino ananiambia kwamba tangu Novemba, kila Jumatano yeye na binti yako Colleen wakiwa kazini, unamchukua mjukuu wetu Silja na kumpeleka makumbusho ya watoto. Nilisema ni jambo zuri. Nilipokata simu nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nauliza tu, mtoto wa miaka minne ana haja gani na makumbusho? Theluji iko nje bure. Mle ndani watoto wanapigiana chafya, ndiyo maana Silja anakohoa. Na tiketi zenyewe nasikia si mchezo. Usije ukajinyima kwa ajili ya kumfurahisha mtoto.

Wako,
Mummo wa Silja


Saint Paul
15 Januari

Mpendwa Aili,

Barua yako imenikuta mzima, kifua kimetulia, nashukuru kwa kuniulizia. Pole na goti. Lipashe moto.

Kuhusu tiketi usiwe na hofu, sijawahi kununua hata moja. Maktaba ya mtaa wetu inaazimisha pasi ya makumbusho kama inavyoazimisha vitabu, na pasi moja inaingiza watu wanne siku nzima. Kazi ni kuwahi. Jumamosi maktaba haijafunguliwa mimi niko mlangoni na soksi mbili mbili. Chakula natoka nacho nyumbani, mkate na jibini, tunakula kwenye benchi la pale wanapotundika makoti. Theluji ya bure naijua, lakini baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri humchezeshi mtoto nje zaidi ya dakika kumi, nawe unajua.

Kikohozi kimeisha. Anapenda sana duka lao la kuchezea. Nikiingia nakwenda nikiimba wimbo wetu wa bata. Juzi alisimama nyuma ya kaunta, akaniuzia mayai sita ya plastiki na kuniita Mummo mbele za watu. Nilicheka mpaka machozi.

Wako,
Bibi yake Silja


Ely
19 Januari

Bernadette,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima.

Wewe una jina lako, ni Bibi. Mummo ni neno la kwetu Wafini la kumwita bibi. Mama yangu aliitwa hivyo, na mama yake. Nimekaa miaka sitini na saba kulingojea, na nimelipata kwa mtoto mmoja tu. Wewe unaye kila Jumatano. Mimi niko mwendo wa saa nne, nina hilo neno basi. Sasa nalo umelichukua, tena unacheka.

Sitazunguka. Nina wivu, na roho inaniuma. Mwambie mtoto aache.

Aili


Ely
16 Februari

Mkwe mwenzangu,

Habari za siku nyingi. Wiki nne hujanijibu, na sikulaumu. Natumaini ni hasira tu, si ugonjwa.

Nina jambo la kukiri. Jumatano iliyopita nilikuja huko bila kumwambia mtu, hata Eino. Niliazima pasi kwenye maktaba ya kwetu, maana kumbe nayo inazo, nikaoka mkate wa iliki, nikaendesha tangu alfajiri. Nilitaka niwakute, nione kwa macho yangu.

Binti wa mlangoni aliitazama pasi, akatazama nyuma yangu, akauliza mtoto yuko wapi. Nikasema yumo ndani. Akanieleza kwa upole kwamba pale haingii mtoto bila mkubwa, wala mkubwa bila mtoto. Nilikuwa na pasi ya watu wanne, na mlango nisingeupita.

Nikasimama kwenye makoti na buti zangu zinachuruzika maji. Nikawaona kupitia kioo cha mlango. Silja yuko nyuma ya kaunta, wewe umeinama unahesabu mayai, naye anacheka kwa namna ambayo kwangu hajawahi. Sikumwambia yule binti awaite. Niliuacha mkate kwenye benchi nikarudi nyumbani.

Muwe wazima,
Aili


Saint Paul
20 Februari

Aili mpendwa,

Sisi wazima, wewe je, na hilo goti baada ya saa nane za kuendesha gari?

Mkate tuliukuta. Silja aliunusa tu akasema, Mummo amekuja. Nikamwambia haiwezekani, Mummo yuko mbali. Mwongo nikawa mimi.

Ningekueleza tangu Januari, lakini barua yako ilinikera, nikaona acha uungue kidogo. Haniiti Mummo, Aili. Ananiambia niwe Mummo. Ndio mchezo wenyewe. Natakiwa kwenda mpaka kwenye meza ya kuchezea maji, ambako ndiko Ely, kisha nirudi nikikung'uta theluji isiyokuwepo. Nishike goti. Nihesabu mayai mara mbili kwa sababu simwamini mwenye duka. Nikikosea ananirudisha Ely. "Mummo hasemi hivyo," ananiambia.

Kile kicheko ulichokiona ni chako. Mimi ndiye ninayesimama kwenye mstari wa maktaba, mimi ndiye ninayemvua buti, na tukifika pale kaunta hanitaki mimi. Kwa hiyo usidhani una wivu peke yako.

Pasi ya tarehe 5 Machi nimeshaichukua. Njoo umwone. Colleen ameomba ruhusa kazini, atakuletea mtoto na pasi mlangoni, mimi nitabaki nyumbani.

Wako,
Bibi yake Silja


Ely
7 Machi

Bernadette mwenzangu,

Salamu, na asante. Natumaini umepumzika.

Tuliingia. Nikaenda moja kwa moja dukani, nikakung'uta theluji ya kweli, nikashika goti linalouma kweli, nikangoja kuuziwa mayai. Silja akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Leo wewe uwe Bibi," akasema.

Nikamwambia mimi ndiye Mummo, nimekuja mwenyewe kutoka Ely.

"Najua. Mummo yupo. Bibi ndiye hayupo."

Nikatoka mpaka kwenye meza ya maji, nikarudi nikiimba ule wimbo wako wa bata. Nilirudishwa mara tatu. Nakuambia kweli, nilisikia wivu uleule, nao haujaniisha.

Pasi ya maktaba ya kwetu nimeichukua kwa Jumatano ya tarehe 19. Inaingiza wanne na sisi tuko watatu. Njoo, maana huo wimbo siuwezi.

Wako,
Mummo